Tulipoitegea Ardhi Sikio

Mwanangu, wewe na mimi tumezaliwa kando ya maji ya chumvi, na aliyezaliwa kando ya maji ya chumvi hukua akidhani kuwa bahari ilikuwapo tangu siku ya kwanza ya dunia. Mimi nilidhani hivyo hata nilipokwisha kuota ndevu. Leo nakuandikia kukwambia kwamba maji haya ya mbele ya Mombasa yana umri, tena umri unaojulikana. Kwamba kabla hayajaingia palikuwa na nchi kavu, na ng'ambo ya nchi hiyo ilikuwa Madagaska, imeshikamana nasi bega kwa bega. Namna ilivyotuachia mkono ni habari ndefu, na namna watu walivyokuja kuijua habari hiyo ni ndefu zaidi. Sehemu ndogo ya kujua huko niliishiriki kwa mikono yangu, mwaka 1990 na tena mwaka 1994, nikiwa na umri kama ulio nao wewe sasa. Mama yako ananiambia unafikiria kusomea mambo ya ardhi. Basi kaa kitako, nikusimulie mjomba wako alichokiona.

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Nairobi, jiolojia ilifundishwa Chiromo, chini ya miti mikubwa. Maabara zilinuka vumbi la mawe yaliyokatwa, mafuta ya mashine na chai ya maziwa iliyochemka kupita kiasi. Mwalimu wetu mmoja, mtu mrefu wa maneno machache, alitupa mkasi na ramani kuukuu, akatuambia tukikate kisiwa cha Madagaska tuone kitakaa wapi tukikirudisha Afrika. Wengi wetu tulikisogeza moja kwa moja hadi Msumbiji, kwa kuwa ndiko kunakoelekeana nacho. Yeye akakipandisha kaskazini, akakilaza mbele ya Tanzania, Kenya na kusini mwa Somalia. Akatueleza kwamba Alexander du Toit, mwanajiolojia wa Afrika Kusini, alikwisha kukiweka huko katika kitabu chake cha mwaka 1937, wakati mabingwa wengi wa Ulaya na Marekani wangali wakimpinga Alfred Wegener, Mjerumani aliyetamka mwaka 1912 kwamba mabara husogea. Ushahidi wa baharini ulichelewa. Mwaka 1972 meli ya utafiti Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari mbele ya Kenya, na mwaka 1983 Rabinowitz, Coffin na Falvey wakachapisha walichokisoma katika michirizi ya sumaku iliyo chini ya bahari ya Somalia: Madagaska ilianza kuondoka yapata miaka milioni 165 iliyopita, ikateremka kusini, ikatulia ilipo yapata miaka milioni 120 iliyopita. Makala ile ilipofika Chiromo tuliisoma kwa zamu, nakala moja watu wengi, hata pembe zake zikawa nyeusi kwa alama za vidole.

Lakini makala ile ilitwambia lini na kutoka wapi, haikutwambia vipi. Ganda la dunia chini ya bara lina unene wa kilomita 30, 40, kwingine zaidi. Kitu kinene kiasi hicho huchanikaje mpaka bahari ikapita katikati? Katika pwani yetu jibu limezikwa. Tangu Madagaska iondoke, mito imekuwa ikimwaga udongo juu ya kovu lile kwa mamilioni ya miaka, na sasa limefunikwa kwa kilomita kadhaa za tope lililogeuka mwamba. Anayetaka kujua namna bara linavyochanika hana budi kwenda linakochanika leo, nako ni kwetu vilevile, Bonde la Ufa. John Walter Gregory, Mwingereza aliyelipa bonde hilo sifa duniani, alitoka pwani hii mwaka 1893 akafika Baringo kwa miguu, akisindikizwa na wapagazi wa Kizanzibari waliombebea nyundo na maji. Yeye aliliangalia kwa macho akaona kuta zilizoachana na sakafu iliyozama. Sisi tulitaka kujua mambo ya chini, kilomita 30 na kuendelea, ambako hakuna kisima kilichowahi kuchimbwa kikafika.

Njia ya kufika huko ni moja, nayo ni kusikiliza. Mwaka 1909, karibu na Zagreb, Andrija Mohorovičić alichunguza mitetemo ya tetemeko la ardhi katika vituo mbalimbali, akagundua kwamba mingine iliwahi kufika kuliko ilivyopasa. Ilikuwa imezama, ikakuta chini mwamba unaopitisha mtetemo kwa kasi zaidi, ikakimbia juu ya mpaka wa mwamba huo, kisha ikapanda. Mpaka huo hadi leo tunauita Moho kwa ajili yake. Karibu na chanzo, mtetemo unaopita juu hufika mwanzo. Lakini ukienda mbali, kilomita 150 au 200, ule uliozama huupita. Ukijua ni wapi hasa ulipoupita, unaweza kupiga hesabu ya unene wa ganda. Ila hutajua kwa chombo kimoja. Chombo kimoja kitakwambia tu kwamba saa fulani ardhi ilicheza. Unahitaji safu ya vyombo, kimoja baada ya kingine, mamia ya kilomita, na vyote visikilize kishindo kimoja kwa saa moja. Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii, na ndiyo sababu hakuna chuo wala taifa lililoweza kuifanya kwa Bonde la Ufa peke yake.

Wazee wetu wa fani walijaribu mwaka 1968, Griffiths na wenzake kutoka Uingereza, kwa safu ya kutoka Ziwa Rudolf, ndilo Turkana la leo, hadi Ziwa Hannington, ambalo sasa tunaliita Bogoria. Wakaondoka na jibu lenye mapengo, kwa kuwa vyombo vilikuwa vichache na njia ndefu. Mwaka 1985 jaribio likarudiwa kwa upana zaidi, na hatimaye ukaja mradi mkubwa uliojulikana kwa jina la KRISP. Nairobi ilikuwamo, na Leicester alikotoka Aftab Khan, na Karlsruhe alikotoka Claus Prodehl, na El Paso alikotoka Randy Keller, pamoja na wengine wa Marekani na wa Ireland. Majina hayo kwetu yalikuwa ya kusomwa kwenye majarida. Januari 1990 wenyewe wakawa wanatembea Nairobi wakiulizia bei ya nondo, turubai na madebe ya maji.

Nakumbuka harufu ya masanduku yale yalipofunguliwa. Ilikuwa harufu ya plastiki mpya, ya betri na ya baridi ya nchi za watu, na ndani vilikaa vinasa mitetemo katika vitanda vya sponji, jumla yake takriban 200. Nilikuwa sijawahi kuona vyombo vingi kiasi hicho mahali pamoja, na nadhani hata waliovileta walikuwa hawajaviona vikikaa pamoja, kwa maana kila kundi lilikuja na vyake, vya umri na tabia mbalimbali, na ilibidi mafundi wakeshe wakivifundisha kusema lugha moja. Fundi mmoja wa Kijerumani, kijana mwenye masharubu mekundu na mikono iliyopasuka kwa tindikali ya betri, alikuwa amebeba mfukoni kipande cha saruji kimefungwa kwa kitambaa. Alikibandua kwa nyundo Berlin mwezi Novemba, ukuta ulipoanguka, wiki chache tu kabla ya kupanda ndege. Alituonyesha kwa heshima kubwa. Dereva wetu, mzee wa Kitui aliyekuwa na pengo la meno mawili na ustadi usio na kifani wa kupita mchangani, alikishika, akakizungusha kiganjani, akamrudishia, akamwambia, "Pole na hongera." Kijana yule alimwomba aeleze, na alipoelezwa alinyamaza kidogo, kisha akasema hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyatafuta.

Sisi tulipangiwa Baringo. Tulipita Nakuru, tukateremka mpaka Marigat, na joto likatupokea kabla hatujasimama. Kambi tuliipiga karibu na Kampi ya Samaki, penye migunga yenye miiba mirefu na vumbi jekundu linaloingia hata katika sukari. Ziwa lenyewe ni la maji ya rangi ya chai kwa sababu ya udongo unaoshuka milimani, na asubuhi lilinuka tope, samaki na moshi wa kuni. Wavuvi wa Kichamus walikaa katika vihori vyao vidogo vilivyofungwa kwa fito za mti mwepesi unaoelea, miguu ikiwa karibu majini, huku mamba wakiwatazama. Chai katika banda la mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole ilikuwa shilingi 2, mandazi shilingi 1, soda shilingi 5, na soda ilikuwa ya moto kwa kuwa friji hapakuwa. Asali ya Baringo iliuzwa katika chupa zilizokwishatumika, shilingi 40 chupa, nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi na maua ya mgunga. Wageni wetu waliinunua mpaka bei ikapanda hadi 60, na yule mama akatuambia sisi Wakenya kwamba kwetu itabaki 40 maana tulikuwa tunamwamkia.

Kabla ya kazi chifu aliitisha baraza chini ya mti. Ilipasa kuwaeleza watu kwamba baruti italipuliwa ziwani, mamia ya kilo, na kwamba usiku wa mlipuko asiingie mtu majini. Maji ni mahali pazuri pa kulipulia. Yanaisukuma nguvu ya mlipuko chini ardhini badala ya kuiacha ipotee hewani, na ndiyo sababu mradi ulichagua maziwa, Turkana kaskazini, Baringo na Naivasha katikati, Victoria magharibi. Watu waliuliza maswali ya haki. Wavuvi waliuliza juu ya samaki. Mama mmoja aliyevaa shanga za shingo safu kwa safu aliuliza kama tukiisha kuijua ardhi yao tutaichukua. Chifu hakutaka kulijibu swali hilo, akamtazama profesa wetu, naye akasimama akasema kwamba tunachukua sauti tu, na ardhi itabaki ilipo na wenyewe. Kimya kikatanda. Ndipo mzee mmoja wa Kitugen, mrina asali, akaegemea fimbo yake akasema kwamba yeye ameelewa: mzinga ukiwa juu ya mti huufungui ili kujua kama umejaa, unaugonga, ukasikiliza. Baraza zima likacheka kwa kuridhika, na tangu siku ile sijapata kueleza kazi hii kwa maneno bora kuliko ya mzee yule.

Basi tukaanza kuvitandika vyombo. Kila Landrova ilipewa orodha ya vituo, na umbali wa kituo hadi kituo ulikuwa kilomita moja au mbili. Unasimama, unachimba shimo mpaka upate udongo mgumu, unasimika jiofoni, ndiyo sikio la chombo, wima kabisa, unaifukia, unaunganisha waya, unalaza sanduku chini ya kichaka na kulifunika kwa turubai na miiba. Saa ya kila chombo ililinganishwa na saa kuu, maana kosa la sehemu ndogo ya sekunde lingehamisha Moho mahali pake. Kisha unatafuta boma lililo karibu, unakunywa maziwa ya kibuyu yenye ladha ya mkaa, unazungumza na wenyewe, na unamwomba kijana mmoja akae na chombo usiku kucha kwa shilingi 50, azuie mbuzi, watoto na fisi. Mbuzi akikanyaga karibu na jiofoni, kwato zake huandikwa sawa na mlipuko wa Turkana. Tuliwaambia walinzi: ikifika saa tuliyowatajia, usitembee, usipasue kuni, kaa kimya. Kwa hiyo usiku mmoja, kutoka jangwa la kaskazini mpaka nyanda za kusini, kulikuwa na safu ya watu waliotawanyika gizani, Waturkana, Wapokot, Watugen, Wachamus, Wakikuyu, Wamasai, wasiofahamiana, wamenyamaza kwa dakika zilezile kwa ajili ya jambo lilelile. Nimeishi miaka mingi, mwanangu, na sijaona tena ushirikiano wa namna ile.

Usiku wa mlipuko wa Baringo nilikuwa ufukweni. Mbalamwezi ilikuwa nyembamba na upepo umelala. Mtu wa redio alihesabu kwa Kiingereza, akafika sifuri, na kabla masikio hayajapata kitu nyayo zilipata: pigo moja zito kutoka chini, mara moja tu. Ndipo maji yakainuka, meupe, yakasimama, yakaanguka, na mshindo ukatufikia, na baada yake harufu kali ya baruti na matope ya kale. Ndege wote wa ziwa wakaruka pamoja. Nilipiga hesabu kichwani. Baada ya sekunde chache mtetemo umepita Marigat. Yapata dakika moja umekwisha kuzama, kugeuka na kupanda mamia ya kilomita kutoka pale, chini ya mlinzi fulani ambaye hatausikia kwa masikio, lakini chombo chake kitausikia. Asubuhi tulipokusanya vituo vya karibu na ziwa, tulimkuta mlinzi mmoja, kijana mwembamba mwenye blanketi jekundu, akiwa na udongo shavuni. Alituambia kwamba alilala kifudifudi akaweka sikio chini, na kwamba kitu kilipita. Akatuonyesha kwa mkono upande kilikotoka na upande kilikokwenda, na alikuwa sahihi pande zote mbili.

Ulimwengu wa nje ulitufikia kwa redio. Tuliisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC jioni, betri zikichemshwa juani mchana ili zidumu. Jumapili ya Februari 11 tulisikia kwamba Nelson Mandela ametoka gerezani, na yule dereva wa Kitui aliitoa kofia yake akaiweka kifuani, akakaa hivyo mpaka taarifa ikaisha. Wiki ileile ikaja habari nyingine, ya Dkt. Robert Ouko, waziri wetu wa mambo ya nje, kwamba haonekani, kisha kwamba mwili wake umepatikana karibu na Koru. Hakuna aliyesema neno kwa sauti. Siku zile ulichunga kinywa hata porini. Tuliporudi Nairobi wanafunzi walikuwa barabarani, na Chiromo ilinuka moshi wa kutoa machozi. Tulipakia vinasa mitetemo katika masanduku yake tukiwa na vitambaa vilivyolowa puani. Yale yalikuwa mambo makubwa ya nchi, nami nilikuwa kijana wa nchi hiyo, na niliyabeba pamoja na kazi yangu kwa kuwa havikuwa na njia ya kutenganika.

Matokeo hayakuja haraka. Niliona michoro ya kwanza ikiwa imetandazwa mezani, karatasi ndefu zenye mistari mingi ya wino iliyosimama sambamba, kila mstari chombo kimoja, kila chombo kituo kimoja. Mstari mmoja peke yake ulikuwa mchirizi unaotetemeka, hauna maana. Ikiunganishwa mamia, macho yanaona ghafla mkunjo unaopita kutoka mstari hadi mstari, na mkunjo huo ndio Moho. Jarida la Tectonophysics lilitoa toleo zima juu yake mwaka 1994, limehaririwa na Prodehl, Keller na Khan. Ndani yake utakuta kwamba chini ya Naivasha ganda lina unene wa kilomita 35 hivi, na ukienda kaskazini linazidi kuwa jembamba, mpaka chini ya Turkana linabaki kilomita 20 tu. Utakuta pia kwamba chini ya ganda hilo, ndani ya bonde, mtetemo hupita kwa kasi ya kilomita 7.5 hadi 7.7 kwa sekunde, ilhali nje ya bonde hupita kwa kasi ya zaidi ya 8. Mwamba unaochelewesha mtetemo hivyo ni mwamba wenye moto mwingi, mwingine umeanza kuyeyuka. Mvuke unaoendesha mitambo ya Olkaria tangu mwaka 1981, ambao huenda unawasha taa unayosomea barua hii, ni sehemu ya joto hilohilo.

Mwaka 1994 kazi ilihamia kusini, na safu zikapangwa kati ya Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi. Huwezi kujua nilivyofurahi. Tulifanya kazi katika vilima vya Chyulu, penye majivu meusi ya volkeno ambayo bado hayajaota nyasi mahali pengi, na mtiririko wa lava uitwao Shetani, uliomwagika katika karne ya 19, juzi tu kwa kalenda ya ardhi. Usiku kulikuwa na baridi na harufu ya majani makavu na mavi ya tembo. Mvua inayonywewa na vilima vile hutokea chini yake kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka Mzima bomba huyaleta maji Mombasa. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimekunywa Chyulu tangu utotoni. Vyombo vilionyesha kwamba chini ya vilima vile ganda lina unene wa kama kilomita 44. Kutoka hapo, ukishuka nyika ya Tsavo kuelekea baharini, linapungua na kupungua. Nilipoona mchoro ule nilikaa. Sikuwa natazama tena Bonde la Ufa. Nilikuwa natazama kwetu: ukingo wa bara, ganda lililovutwa na kukonda miaka milioni 165 iliyopita, mpaka likaachia, na maji yakaingia.

Sasa unaweza kuyapanga mambo, mpwa wangu, kutoka changa hadi kongwe. Kenya, bonde linafunguka milimita chache kwa mwaka. Afar, Ethiopia, limekwenda mbali zaidi. Wenzetu walilipua milipuko yao Ethiopia mwaka 2003, na Septemba 2005 katika sehemu ya Dabbahu, huko Afar, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita 60 na upana uliofika mita 8 katika muda wa wiki chache tu, magma ikijaza pengo. Mbele yake kuna Bahari ya Shamu, bahari changa. Na mwisho wa safu ndiyo sisi, pwani iliyokwisha kuachana na mwenzake na kuzika kovu lake, ambalo sasa watu wanalichimba kutafuta gesi mbele ya Mtwara na Msumbiji. Si kila ufa hufikia bahari. Toka Lamu uelekee kaskazini-magharibi mpaka Turkana, chini ya mchanga kuna bonde la Anza, lililoanza kufunguka enzi za kuondoka kwa Madagaska na likakoma njiani. Kwa hiyo ulipokuwa mtoto na ukanipigia simu mwaka 2018, kuhusu shimo refu lililokata barabara ya Mai Mahiu, ukaniuliza kama Afrika imeanza kugawanyika, nilikujibu kwamba lile ni kazi ya mvua kuosha majivu laini, na kwamba kugawanyika kulianza zamani, na hakuna aliye hai atakayekuona kukiisha.

Nimefikiri sana juu ya kilichoniteka katika kazi ile. Haikuwa milipuko. Ni kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeiona Moho. Profesa hakuiona, fundi wa masharubu mekundu hakuiona, mimi sikuiona. Kila mtu alikaa na mstari wake mmoja usio na maana, akauchunga, akaukabidhi, na maana ikapatikana katikati yetu. Angekosekana mlinzi mmoja, pengekuwa na pengo. Wangekosekana kumi, mkunjo ungekatika, na watu wangebishana miaka kumi juu ya mahali pale. Nchi zilizotengana kwa lugha na kwa utajiri zilihitajiana kwa namna ambayo haikuruhusu kiburi, kwa sababu mwenye vyombo hakuwa na ardhi, mwenye ardhi hakuwa na vyombo, na wote wawili hawakuwa na kitu bila yule aliyekaa gizani akizuia mbuzi.

Leo mambo yamebadilika. Wamalawi na Watanzania wamefanya kazi ya namna hii katika Ziwa Nyasa pamoja na Wamarekani, na vijana wa Kiafrika wanachora wenyewe michoro ambayo sisi tulikuwa tukiisubiri itoke ng'ambo. Wewe ukiingia, ingia kwa nguvu. Jifunze hisabati mpaka ikuchoshe, maana bila hiyo utabaki mchimba mashimo. Dai takwimu zibaki pia nchini zilikokusanywa, na uwe na uwezo wa kuzisoma. Kaa baraza zima, hata swali la ardhi litakapokuja na chifu akatazama pembeni. Na utakapoandika makala yako ya kwanza, mwishoni huwa kuna aya ya shukrani, ambapo huwekwa majina ya waliotoa fedha na vyombo. Katika kumbukumbu za miaka yangu, walinzi na wenyeji walishukuriwa kwa pamoja, kwa sentensi moja, bila majina. Wewe beba daftari dogo tangu siku ya kwanza, umwulize kila mlinzi jina lake kamili na la baba yake, uliandike sawasawa kama anavyolitamka, na ulichapishe.